Kubana Bili ya Nishati Bila Kujifungia Hewa Chafu: Hatua kwa Hatua

Maswali ninayoulizwa kuhusu nyumba na bili ya umeme ni yale yale, yanabadilisha nguo tu. "Nimeziba nyufa zote, mbona ukuta umeota kuvu?" "Nikilala na kiyoyozi naamka kichwa kizito, nibadilishe mashine?" "Nikifungua dirisha joto linatoroka, nikifunga chumba kinanuka, nifanyeje?" Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao ningependa uufuate, kwa sababu wengi wanaokwama wameanzia hatua ya nne.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Nyumba inayovuja hewa ovyo si nyumba yenye hewa safi. Upepo ukivuma, unapata hewa kupita kiasi na unailipia. Upepo ukitulia, na huo ndio wakati unaoihitaji, hupati kitu. Kazi yetu ni kuziba mianya ambayo hukuichagua, kisha kuipa hewa njia uliyoichagua wewe. Anayefanya la kwanza akasahau la pili ndiye huyo wa swali la kuvu.

Kosa hili limewahi kufanywa na wataalamu pia. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, majengo ya ofisi Marekani yalianza kubanwa, na kiwango cha 1981 cha ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa kupasha na kupoza majengo, kikaruhusu takriban lita 2.5 tu za hewa ya nje kwa sekunde kwa kila mtu katika ofisi isiyo na wavuta sigara. Miaka hiyo yakazidi malalamiko ya macho kuwasha, vichwa kuuma na uchovu usioeleweka. Mwaka 1989 kiwango hicho kilipandishwa hadi karibu lita 10 kwa ofisi.

Vitu vya kuwa navyo

- Kipima hewa ukaa (kaboni dayoksaidi, gesi tunayoitoa tukipumua) chenye kihisi cha infraredi. Vile vya bei ya chini kabisa mara nyingi havipimi hewa ukaa, vinaikisia kutokana na gesi nyingine. Jaribu hivi: sogeza karibu yake pamba iliyoloweshwa spiriti. Namba ya hewa ukaa ikiruka ghafla, unacho kikisiaji.
- Vipima joto na unyevu viwili, kimoja cha ndani na kimoja cha nje kivulini. Vikionyesha pia kiwango cha umande (nakieleza hatua ya sita), vizuri zaidi.
- Kijiti cha udi, au kipande chembamba cha karatasi ya chooni.
- Daftari na kalamu. Simu inafaa, ila daftari lililolala mezani hujazwa na kila mtu wa nyumba.
- King'ora cha kaboni monoksidi, kama ndani kuna chochote kinachoungua: gesi, kuni, mkaa, mafuta ya taa. Hiki si cha hiari.

Onyo kabla ya yote. Usizibe mwanya wowote kwenye chumba chenye jiko la mkaa, kipasha joto cha gesi kisicho na dohani, au kifaa chochote kinachovuta hewa ya chumbani ili kiwake. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuisikia. Toa kifaa hicho kwanza, au kiwekee njia yake ya hewa na moshi, ndipo uendelee. Jenereta haikai ndani hata mlango ukiwa wazi.

Hatua

1. Pima wiki nzima bila kugusa kitu.

Toa kipima hewa ukaa nje kwa dakika ishirini. Kinapaswa kutulia karibu 420, yaani sehemu 420 kwa milioni, ambazo kwenye kioo huandikwa ppm. Penye magari mengi kitakuwa juu kidogo. Kisha kiweke chumbani, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, mbali na dirisha na mbali na pumzi yako. Andika namba asubuhi kabla ya kufungua mlango, jioni watu wakiwa wamejaa, na baada ya kupika. Pamoja nayo andika joto, unyevu na usomaji wa mita ya umeme.

Namba chini ya 800 ni nzuri. Kati ya 800 na 1,000 bado inaridhisha. Ukiamka ukakuta 1,500 au 2,000, chumba hakipumui. Mpaka wa 1,000 ni wa zamani: Max von Pettenkofer, daktari wa Munich, aliupendekeza mwaka 1858. Naye hakudai kwamba hewa ukaa ya kiasi hicho ni sumu. Aliitumia kama karani anayehesabu pumzi zilizobaki chumbani, maana kinachotoka mwilini pamoja nayo, harufu, unyevu na vijidudu, hakipimiki kirahisi.

Sasa pata kasi ya chumba kubadilisha hewa. Asubuhi, tuseme kipimo kinasoma 1,420. Tokeni wote, fungeni mlango, acheni kipimo ndani. Nje ni 420, kwa hiyo ziada ni 1,000. Ukirudi baada ya saa moja ukakuta 790, ziada iliyobaki ni 370, zaidi kidogo ya theluthi. Haiishi yote, kwa sababu hewa mpya huchanganyika na ya zamani. Hapo chumba kinabadilisha hewa yake takriban mara moja kwa saa. Ikichukua saa tatu kufika 790, kinabadilisha theluthi moja tu kwa saa. Namba hii ndiyo utakayoilinganisha mwishoni, basi iandike kwa herufi kubwa.

2. Punguza uchafu unapozaliwa.

Hewa chafu ambayo haikutengenezwa haihitaji feni, dirisha wala chujio. Hii ndiyo hatua isiyo na gharama na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Funika sufuria. Washa feni ya jikoni kabla mafuta hayajachemka na uiache dakika kumi baada ya kuzima jiko. Hakikisha inatoa hewa nje kweli, kwa sababu zile zinazopitisha moshi kwenye chujio na kuurudisha jikoni haziondoi mvuke hata tone. Usianike nguo chumbani, maana maji yote yaliyomo yataishia hewani. Mishumaa ya manukato, udi na dawa za mbu za kuchoma vyote ni moshi, hata vikinukia. (Kijiti chetu cha majaribio kinawaka dakika chache tu, kisha kinazimwa.)

Rangi mpya, gundi na samani za mbao za kubandika hutoa gesi kwa wiki kadhaa. Kama unapanga kupaka rangi, paka kabla ya kuziba nyumba.

3. Zuia joto mlangoni kwake.

Penye jua kali, kivuli cha nje kinashinda pazia la ndani kwa mbali. Jua likishapita kwenye kioo limeshaingia, na pazia linaligawa tu chumbani. Mti, kibaraza, turubai, mbao za dirishani, chochote kinachosimama nje ya kioo kinafaa. Baada ya dirisha tazama juu: paa la rangi hafifu na kihami joto (tabaka linalozuia joto kupita) darini ndivyo huleta mabadiliko makubwa. Penye baridi pia anza na dari, kwa kuwa huko ndiko joto linakokimbilia. Tandika kihami bila kuacha mapengo, lakini usizibe matundu ya hewa yaliyo pembezoni mwa paa, la sivyo mbao zitaoza taratibu huko juu usikoangalia.

4. Ziba mianya, na ujue ipi ya kuacha.

Chagua siku ya upepo. Kama hakuna upepo, funga madirisha yote, zima chochote kinachoungua, kisha washa feni za kutolea hewa za jikoni na bafuni. Washa kijiti cha udi, au tumia ile karatasi, upite polepole kandokando ya fremu, mlango wa nje, kifuniko cha dari, mabomba yanayopenya ukutani, soketi za kuta za nje. Moshi ukiyumba, weka alama ya penseli. Anza na mianya ya juu kabisa na ya chini kabisa, kwa sababu hewa yenye joto hutokea juu na kuvuta nyingine kutoka chini. Ya katikati ina haraka ndogo. Nyufa nyembamba zizibe kwa silikoni, milango na madirisha yanayofunguka yawekee mpira wa kuzibia.

Hii ya kuacha imewaponza wengi:

- Matundu yanayolisha hewa jiko au kipasha maji cha gesi.
- Vitundu vidogo chini ya fremu za madirisha. Hivyo ni vya kutolea maji ya mvua.
- Uwazi wa sentimita moja au mbili chini ya milango ya ndani. Hewa ya vyumbani inapita hapo kwenda kutokea bafuni na jikoni.
- Ufa wenye unyevu. Tafuta maji yanatoka wapi kwanza, maana ukiuziba unayafungia ndani ya ukuta.

Kama unaishi mahali ambapo ardhi inatoa radoni, gesi ya mionzi isiyo na rangi wala harufu, ipime kabla na baada ya kuziba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi bekereli (kizio cha mionzi) 100 kwa kila mita ya ujazo, na pale isipowezekana isipite 300.

5. Ipe hewa njia yake, siku hiyo hiyo.

Usilale hata usiku mmoja kati ya hatua ya nne na hii. Mimi nililala. Chumba kilikuwa kimya na kinapendeza, na asubuhi kipimo kilisoma namba ambayo sikuwahi kuiona hapo awali.

Lenga lita 7 hadi 10 za hewa ya nje kwa sekunde kwa kila mtu. Mtu aliyeketi anatoa takriban lita 18 za hewa ukaa kwa saa. Ukimpa lita 10 kwa sekunde, ziada hutulia karibu 500 juu ya ile ya nje, yaani kipimo kitasoma 920 hivi. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5, wanalala wawili. Lita 7 kwa kila mmoja ni mita za ujazo 50 kwa saa, na chumba kina 30 tu. Kwa hiyo hewa yake inapaswa kubadilika zaidi ya mara moja na nusu kila saa. Linganisha na namba uliyoiandika hatua ya kwanza, utaona kwa nini ufa wa dirisha haukutosha hata zamani.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni madirisha ya pande mbili zinazotazamana, au dirisha na mlango wa pili, ili hewa ipite badala ya kuingia na kuduwaa. Ya pili, ambayo naipendelea kwa nyumba nyingi, ni feni ndogo ya kutolea hewa bafuni inayozunguka polepole muda wote, pamoja na tundu la kuingizia hewa lenye kifuniko cha kurekebisha katika kila chumba cha kulala. Inakula umeme kidogo na haisahauliki. Ya tatu ni mashine inayopishanisha hewa inayotoka na inayoingia ili joto la moja liipashe nyingine. Mashine nzuri hurudisha zaidi ya robo tatu ya joto ambalo lingepotea. Ni ghali, inataka chujio kubadilishwa, na kwa maoni yangu haina maana kwenye nyumba ambayo bado inavuja au isiyohitaji kupashwa wala kupozwa miezi mingi ya mwaka.

Feni ikishawekwa na kuwashwa, shikiza karatasi ya chooni kwenye uso wake. Isipong'ang'ania, haivuti. Bomba huwa limekunjika au mdomo wa nje una kiota cha ndege.

6. Chagua saa ya kufungua madirisha.

Penye baridi, usiache dirisha limefunguliwa kidogo kutwa. Fungua yote wazi dakika tano hadi kumi, kisha funga. Hewa inabadilika, lakini kuta na samani hazijapata muda wa kupoa, na hizo ndizo zenye joto lako. Wala usiogope siku ya mvua: hewa ya nyuzi 5 yenye unyevu wa asilimia 90 ikipashwa hadi nyuzi 20 unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 34. Inakausha nyumba.

Penye joto kavu, fungua usiku na alfajiri, funga jua likipanda.

Penye joto na unyevu ndipo pagumu, na hapa asilimia ya unyevu hudanganya. Tazama kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa hiyo ikipoa hadi hapo huanza kutoa matone. Nje usiku ni nyuzi 24 na unyevu asilimia 90. Ndani ni nyuzi 29 na asilimia 60. Nje panaonekana afadhali. Lakini kiwango cha umande cha nje ni karibu 22 na cha ndani ni 20 na nusu, hivyo kila dirisha unalofungua linaingiza maji zaidi. Kama unalala bila kiyoyozi, fungua tu, upepo una faida kubwa kuliko hasara. Kama utawasha kiyoyozi baadaye, kitalazimika kuyakamua maji hayo yote kwa umeme wako. Fungua kwa muda mfupi kwa ajili ya hewa, halafu funga.

7. Rekebisha kiyoyozi au kipasha joto.

Kiyoyozi cha ukutani, kwa aina zilizo nyingi, hakileti hewa ya nje. Kinaizungusha ile ile na kuipoza. Hilo ndilo jibu la kichwa kizito cha asubuhi: mashine haina kosa.

Weka nyuzi 25 au 26 na uwashe feni. Feni ya dari hula wati 30 hadi 70. Kiyoyozi kidogo cha chumbani mara nyingi hula karibu wati 1,000 kompresa ikiwa kazini. Upepo wa feni humfanya mtu ajisikie kana kwamba joto limeshuka nyuzi mbili au tatu. Unapoza ngozi, haupozi chumba, hivyo zima unapotoka. Osha chujio kila mwezi. Usinunue mashine kubwa kuliko chumba: inafikisha baridi upesi, inazima kabla ya kukausha hewa, na unabaki na chumba baridi chenye majimaji.

Kwa upande wa kupasha, usiteremke chini ya nyuzi 18 ili kuokoa. Ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa nyumba za maeneo ya baridi, na wazee na watoto wachanga wanahitaji zaidi.

8. Shughulikia vumbi na moshi wa nje.

Chembe laini, zile zinazoandikwa PM2.5, zina kipimo chake, na mwongozo wa 2021 wa shirika hilo hilo unataka wastani wa siku usizidi maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Siku ya moshi nje, funga, washa kisafisha hewa chenye chujio, na fungua kwa dakika chache moshi unapopungua ili hewa ukaa ishuke. Kisafisha hewa kinachofaa ni kile kinachoweza kupitisha hewa yote ya chumba mara tano kwa saa. Hakipunguzi hewa ukaa hata kidogo. Epuka vile vinavyojisifu kutoa ozoni, kwa kuwa ozoni inaumiza mapafu.

9. Pima tena wiki nzima.

Rudia hatua ya kwanza, pamoja na lile jaribio la saa moja. Kama ulibadilisha mambo matano kwa mpigo hutajua lipi lilisaidia. Kwa hilo napendekeza uachie siku chache kati ya hatua na hatua, isipokuwa ya nne na ya tano.

Mambo yakienda kombo

*Kuvu kwenye pembe au nyuma ya kabati.* Ukuta hapo ni baridi na hewa haifiki. Sogeza kabati sentimita kumi, futa kuvu kwa maji na sabuni ukiwa umevaa barakoa, kausha. Ikirudi, shusha unyevu wa ndani chini ya asilimia 60. Kupaka rangi juu yake ni kuifunika blanketi.

*Vioo vinatoka jasho.* Jasho la upande wa ndani: unyevu wa ndani umezidi. La upande wa nje: kiyoyozi kimepoza kioo kupita kiasi, pandisha nyuzi. Kati ya vioo viwili: muhuri wa dirisha umekufa, hakuna cha kufanya ila kubadilisha kioo.

*Hewa ukaa iko chini lakini chumba kinanuka.* Mimina maji kwenye tundu la sakafuni na sinki lisilotumika. Maji ya kizuizi cha bomba yakikauka, harufu ya maji machafu hupanda. Kama si hilo, nusa samani mpya.

*Kipimo kinasoma 350, au hakishuki chini ya 600 hata nje.* Kimepotea njia. Vingi hujirekebisha kwa kudhani kwamba namba ya chini kabisa ya wiki ni hewa ya nje, na chumba kisichofunguliwa kamwe hukidanganya. Kitoe nje na ukirekebishe kwa kufuata maelezo yake.

*Hewa ni kavu, midomo inapasuka.* Katika baridi, unyevu ukiwa chini ya asilimia 30 ujue unapitisha hewa nyingi mno. Punguza feni au kifuniko cha tundu. Usikimbilie mashine ya kuongeza unyevu.

*Bili haijashuka.* Soma mita kabla ya kulala na unapoamka, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Ukiona inakwenda mbio, mlaji ni mwingine, na mara nyingi ni kipasha maji cha bafuni. Pengine pia kuna mtu anayefungua dirisha huku kiyoyozi kinaunguruma. Muulize kabla ya kumlaumu, huenda anatafuta hewa ambayo hukumpa hatua ya tano.

*Mlango mzito kufungua, au moshi wa jiko na kipasha maji unarudi ndani.* Feni zinatoa hewa kuliko inavyoingia, na nyumba inavuta kupitia dohani. Zima feni, zima moto, fungua madirisha, kisha ongeza tundu la kuingizia hewa kabla ya kuwasha tena.

*Kichwa kinauma, kichefuchefu, na mnapata nafuu mkitoka nje.* Hata kama hewa ukaa inasoma vizuri, chukulia ni kaboni monoksidi. Tokeni wote na muende hospitali. Msirudi ndani mpaka fundi awe amekagua kila kinachoungua.